Mashine Iliyomtaja Baba Mkwe

Mashine ilipolitaja jina la baba mkwe wake kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, Tupokigwe alijitupia kanga kichwani na kukimbilia mlangoni. Alipofika mlangoni akakumbuka kwamba mwenye jina hilo amekaa hapo nje, chini ya upenu, akisubiri mvua ikatike. Akageuka. Akabaki katikati ya banda kama kuku aliyesikia mwewe juu na mbwa nyuma.

"Shemeji," akaniita kutoka ndani ya kanga, "imeshanyamaza?"

"Imenyamaza."

"Na yule mkubwa wa kule? Kasikia?"

Kabla sijajibu, sauti ya mzee ikapenya kwenye mbao za ukuta, ikiniita.

"Asagwile! Waambie nipo. Hakuna haja ya kuniita kila mara."

Mama Subilaga, aliyekuwa amekaa juu ya gunia la kakao, alicheka mpaka gunia likatoboka ubavuni.

Kosa halikuwa la mtu yeyote mle ndani. Kampuni ndiyo iliyoleta mashine mpya, na kampuni ndiyo iliyoamua kwamba kila mashine ya malango ya maji iandikishwe kwa jina la mwenye shamba kubwa kwenye mfereji. Kwa mfereji wetu wa Ikombelo huyo ni Mzee Mwakalukwa. Basi kila ukiiwasha inapaza sauti: "Karibu katika nyumba ya Mwakalukwa!" Na mwandishi wa programu zetu zote ni mke wa mwanawe. Kwetu Unyakyusani mke hakutani na baba mkwe uso kwa uso, hapiti alipokaa, na jina lake halitoki mdomoni mwake. Wengi wameacha. Tupokigwe hajaacha. Aliwahi kuniambia kwamba mama yake alilishika hilo kwa miaka yote ya ndoa, na halikumpunguzia kitu.

Shughuli ya siku hiyo ilikuwa moja tu: kuifanya mashine mpya ikione kitafsiri chetu. Dawa ya kwanza ya kila mashine iliyogoma, tangu enzi za babu zetu, ni kuizima na kuiwasha. Ndiyo maana tulikuwa tumeshamwita mzee mara tatu.

"Kitafsiri hakikuonekana," mashine ilisema, safari hii kwa sauti ya upole, kama karani anayekwambia urudi kesho. "Je, nitumie kitafsiri cha kampuni? Kimependekezwa."

"Kimependekezwa na nani?" niliiuliza.

Haikunijibu. Hainijui. Inamsikia Tupokigwe peke yake.

"Mama," alisema Bwana Shempemba, wakala wa kampuni, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwavuli wake unaochuruzika, "sema tu 'ndiyo'. Neno moja. Taa itageuka kijani, malango yatafunguka, sote tutakwenda kunywa chai."

Hakuwa mtu mbaya, Shempemba. Alikuwa na adabu, na alituletea maandazi. Lakini ndiye aliyekuwa na saa. Kwa mkataba, maji ya mto Lufilyo yakifika kwenye malango kabla ya programu yetu kuwaka kijani, malango yanarudi mikononi mwa kampuni msimu mzima. Na milimani Busokelo mvua ilikuwa imenyesha toka alfajiri. Ndege wa chuma wanaopima mto walikuwa wameshapita juu yetu wakilia: maji yanakuja, maji yanakuja.

*

Nieleze kitafsiri ni nini, kwa sababu mwaka jana tulizama kwa kutokujua.

Programu ni maneno. Tupokigwe huyasema, mashine huyaandika: pima mto, hesabu mashamba, gawa maji sawa kwa wote. Lakini lango la chuma halijui maneno. Katikati lazima awepo wa kusoma, anayechukua mstari mmoja, anauambia umeme la kufanya, kisha anakwenda mstari wa pili. Huyo ndiye kitafsiri. Sasa fikiria huna macho na umepata barua. Anayekusomea ndiye mwenye barua, si wewe.

Mwaka jana tuliandika programu nzuri tu. Gawa sawa kwa wote. Tukaisomesha kwa kitafsiri cha kampuni, kwa kuwa hatukuwa na kingine. Mafuriko yalipokuja, malango ya upande wetu yalifunguka yote, na lango la shamba la kampuni likafunga kimya. Miche ya Mama Subilaga ilikwenda ziwani ikiwa bado imefungwa mafungu. Tulipolalamika tulionyeshwa programu yetu wenyewe. "Si mliandika sawa? Mashine imegawa sawa, kwa kufuata daraja la kila shamba kwenye mkataba." Daraja hilo hatukuliandika sisi. Liliandikwa ndani ya msomaji.

Mimi sisahau vitu kama hivyo. Nakumbuka pia mwaka walioondoa vibonye kwenye mashine zote, wakasema sauti inatosha, na sauti ya mtu mmoja tu kwa kila mfereji, kwa usalama wetu. Kila walichotunyang'anya kilikuwa kwa usalama wetu. Ningepunguziwa usalama kidogo tu ningekuwa tajiri.

Ndipo Tupokigwe akakaa msimu mzima na mashine yake ya zamani, ile ya jina lake mwenyewe, akatunga kitafsiri kinachosoma "sawa" kama anavyoisoma mama anayepakulia watoto. Kilifanya kazi. Tulikijaribu kwa ndoo na mifereji ya mchanga, tukashangilia kama harusi. Kisha wakaleta mashine mpya, na mashine mpya haikioni.

*

"Umekiweka kweli?" Mama Subilaga aliuliza.

"Nimekiweka mara mbili."

"Labda ndiyo sababu. Wamegombana."

Si utani mtupu huo. Nimeona mashine yenye vitafsiri viwili, cha zamani na kipya, na kihariri, pale programu inapoandikwa, kimeshikilia cha zamani kama mtoto na titi. Tukakiondoa kimoja. Taa nyekundu. Tukaangalia toleo. Ni lenyewe. Taa nyekundu.

"Fungua dirisha jeusi," nilimwambia.

Dirisha jeusi ni pale unapoongea na mashine bila kihariri, ana kwa ana. Tupokigwe akalifungua, akasema, "Kitafsiri, salimia."

"Ndaga fijo," kitafsiri kikajibu, maana alikifundisha kuitikia kila kitu kwa asante ya Kinyakyusa.

Mama Subilaga akaruka. "Si hicho hapo! Kipo! Kinaongea!"

"Kipo," nilisema. "Kwenye dirisha jeusi kipo, kwenye kihariri hakipo. Maana yake hakijapotea. Kihariri ndicho kimepotea njia."

"Basi tutumie hilo hilo dirisha jeusi."

"Malango hayatii kitu kisichotoka kwenye kihariri na muhuri wa sauti yake," alisema Shempemba kwa huruma. "Ni kanuni."

"Kanuni ya nani?"

"Ya usalama, kaka."

Nilimeza andazi zima ili nisimjibu.

Nje mzee alikohoa. "Asagwile, buti zangu ziko humo ndani, karibu na mizani. Nipitishie kabla mto haujanivalisha."

Nikampitishia mlangoni. Alikuwa amekaa peku, miguu imekunjamana kwa maji, redio sikioni, anafurahia maisha. "Vipi?" akaninong'oneza. "Mtoto anaweza?"

"Anaweza. Mashine ndiyo haiwezi."

Niliporudi nikamwomba Tupokigwe afungue mipangilio, ule ukurasa ambamo kihariri kimeandikiwa njia ya kwenda kwenye kitafsiri. Ni mstari mmoja tu. Kila folda inatajwa, kati yake kuna mkwaju, kile kistari kilichoinama, mpaka unafika. Nikausoma kimoyomoyo, nikausoma tena. Nikaanza kucheka, nikajizuia.

"Shemeji, mstari huu uliusema wewe?"

"Nani mwingine?"

"Ulisemaje?"

"Kama ulivyo. Nyumba, mkwaju, Mkubwa-wa-Kule, mkwaju, kitafsiri."

Mama Subilaga alisogea, akasoma, akapiga paja.

"Yesu na Maria! Umemwambia Mkubwa-wa-Kule!"

"Si ndiye?"

Na kwake ndiye kweli. Hilo ndilo jina la mzee mdomoni mwa Tupokigwe tangu alipoolewa, na kwenye mdomo wa kila mke wa ukoo ule. Amelizoea hata halisikii tena kuwa ni jina la kukwepea. Aliisoma njia hiyo mara ishirini asubuhi ile, na sisi tukiisikia, na sote tuliona iko sawa. Mtu yeyote wa Ikombelo angemkuta mzee kwa njia hiyo. Mashine peke yake ndiyo iliyokwenda, ikabisha hodi, ikakuta hakuna nyumba. Ndani yake imeandikwa Mwakalukwa.

Kwenye dirisha jeusi tayari ulikuwa umesimama ndani ya nyumba, huhitaji kumtaja mwenye nyumba. Ndiyo maana kilijibu.

*

Shempemba alifurahi kweli kweli. "Basi ni rahisi! Mama, badilisha neno moja. Sema Mwaka—"

"Ishia hapo hapo," nilimwambia, maana kanga ilikuwa inapanda tena.

"Siwezi," alisema Tupokigwe.

"Ni jina tu."

"Kwa nini usiseme wewe?" Mama Subilaga aliniuliza, ingawa anajua. Nikasema hata hivyo, kwa sauti kubwa, jina lote. Mashine ikasema, "Sauti haitambuliki." Mzee huko nje naye akalisema, mara mbili, na jina la baba yake juu. "Sauti haitambuliki. Sauti haitambuliki."

"Mimi mwenyewe sitambuliki!" mzee alipiga kelele kwa furaha. "Mashine yangu!"

Mto ulikuwa umeanza kusikika. Si kelele, ni kama lori lililo mbali ambalo halipiti. Wanawake waliokuwa kwenye tuta walianza kuita, mmoja mmoja: tayari? tayari?

"Asagwile," alisema mzee, na safari hii hakuwa anacheka, "mwambie namruhusu. Aliseme. Mpunga wa watu ni mkubwa kuliko mimi."

Hakukuwa na haja ya kumwambia; ubao wa ukuta ni mwembamba. Lakini desturi ni desturi, nikageuka na kumwambia: "Mkubwa wa kule anasema anakuruhusu."

Tupokigwe alifikiri. Kisha akasema taratibu, akinitazama mimi, "Mwambie ndaga fijo. Lakini mwambie hili si lake kuruhusu. Jina ni lake. Heshima ni yangu."

Mama Subilaga alisimama. Macho yake yalikuwa yamebadilika. "Mwanangu. Mwaka jana niliokota vijiko ziwani. Vijiko vyangu. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Basi?"

Nitasema ukweli wa ile dakika, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha. Nimeishi kwa kusimama juu ya mabenchi na kuwaambia watu maneno ya kuwainua. Nilikuwa na sentensi tayari. Ilikuwa imekaa ulimini kama kokwa. Ningeisema mbele ya Mama Subilaga, mto ukivuma, na Tupokigwe angelitamka lile jina, na angelia, na tungeshinda. Nikafungua kinywa.

"Shemeji," alinitangulia, "kampuni ilisema mashine haiwezi kujifunza mambo yetu, kwa hiyo sisi ndio tuyaache. Ulipanda benchi ukawatukana mpaka jua likazama. Leo unataka kuniambia nini wewe ambacho wao hawajaniambia?"

Kokwa nikaimeza.

"Chagua cha kampuni basi," Shempemba alisema kwa sauti ya chini, karibu ya kumhurumia. "Hutamtaja mtu."

"Na mama huyu aokote vijiko tena?" Akatikisa kichwa. "Hapana. Sitaki jina, sitaki kampuni. Nipeni nafasi nifikiri."

Hapo ndipo mzee, ambaye hajui kukaa kimya kwenye msiba wala kwenye vita, alipogonga ubao.

"Asagwile! Muulize. Akitoka kuchota maji, watu wakimuuliza anayapeleka kwa nani, hujibu nini? Maana hanitaji, na maji nayanywa."

"Anauliza—"

"Nimesikia. Huwa nasema napeleka kwetu." Akasita. Kanga ikamtelezea mabegani. "Kwetu," akasema tena, lakini safari hii aliiambia mashine. "Badilisha njia. Kwetu, mkwaju, kitafsiri."

"Folda ya Kwetu haipo."

"Mjinga huyu!" alisema Mama Subilaga.

"Subiri," nilisema. "Subiri, subiri, subiri."

Kwa sababu nilikumbuka. Kabla hawajaondoa vibonye, nilijifunza mashine kwenye mzoga wa kompyuta uliotupwa nyuma ya ghala la ushirika, bila mwalimu, kwa kubonyeza kila kitu na kuona nini kinalia. Juu kabisa kushoto palikuwa na kibonye kidogo chenye alama kama mnyoo uliolala, kama wimbi moja. Nilikibonyeza miezi bila kujua kazi yake. Halafu siku moja nikaelewa: ukianza njia kwa alama ile, mashine inakwenda nyumbani kwa mwenye mashine, awe nani, awe na jina lipi. Haikuulizi. Inajua. Ndivyo walivyoijenga waliokuja mwanzo, watu wavivu na wenye akili waliochoka kuandika majina yao.

"Vibonye viliondolewa," nilimwambia, "alama hazikuondolewa. Zimelala humo. Iite alama ya wimbi."

"Alama ya wimbi," alisema Tupokigwe.

"Hali ya Ziwa Nyasa leo," ilijibu mashine kwa uchangamfu, "ni mawimbi ya wastani, yenye upepo wa—"

Hata Shempemba alicheka. Alicheka mpaka mwavuli ukamponyoka.

"Mwambie ya maandishi! Alama ya kuandikia!"

"Alama ya kuandikia, ya wimbi dogo, mwanzo wa mstari," Tupokigwe alisema, kila neno akilikanyaga kama anakanyaga utelezi. "Mkwaju. Kitafsiri."

Kwenye kioo, pale lilipokuwa jina la kukwepea, pakatokea kiwimbi kidogo, kimejikunja. Mashine ikatafuta. Tupokigwe alishika kanga kwa mikono yote miwili, tayari kuziba masikio.

"Kitafsiri kimepatikana," ilisema. "Nyumbani."

Taa ikawa kijani.

Sijui nani alianza. Mama Subilaga alipiga kigelegele kilichowaamsha popo darini, mzee akagonga ukuta kwa buti moja, na mimi nikamkumbatia Shempemba kabla sijakumbuka yeye ni nani.

*

"Endesha," alisema Tupokigwe, na malango yakaanza kulia huko chini, moja baada ya jingine, chuma juu ya chuma.

Tulikimbia kwenye tuta. Mzee alipita upande wa migomba, Tupokigwe upande wa mfereji, na kati yao palikuwa na watu wa kutosha kujenga ukuta. Lufilyo ilikuwa imekuja yote, ya rangi ya kahawa yenye maziwa, imebeba magogo na kiti cha mtu. Ilifika kwenye malango ikasimama kidogo, kama mgeni anayeangalia avue viatu au asivue. Kisha ikagawanyika.

"Shemeji," nilisema, "lile lango la kampuni. Sasa hivi unaweza kuliambia lolote. Liongezee kidogo. Yawafike magotini tu, wajue."

Namkumbusha kila mara mwaka jana, na yeye kila mara ananisikiliza hadi mwisho. Alinisikiliza.

"Niliandika wote," alisema. "Na wao wamo."

Mama Subilaga hakusubiri tumalize. Alikuwa ameshashuka shambani kwake, sketi imepandishwa, amesimama katikati ya miche iliyosimama wima. Maji yakampanda, yakapanda, yakaacha. Akainama akaangalia mguu wake kwa muda mrefu, kama anaona mguu kwa mara ya kwanza.

"Kifundo!" alipiga kelele. "Yamefika kwenye kifundo, yamesimama! Kwako vipi?"

Jirani yake wa chini akashuka, akapima kwa mguu wake. "Kifundo!"

"Na kwako?"

"Kifundo! Kifundo na kidogo, lakini mimi mfupi!"

Sauti ikashuka na mfereji, shamba kwa shamba, kila mtu anaingia kwenye maji yake na kuita mbele. Kifundo. Kifundo. Ikapita kwa mzee, aliyejibu kwa sauti ya kuhubiri. Ikazidi kuwa ndogo kwa umbali, na sisi juu ya tuta tukanyamaza kuisikiliza, Tupokigwe mkono mdomoni, maana sote tulijua mfereji unaishia wapi. Mwisho wake ni uzio wa shamba la kampuni, na nyuma ya uzio kuna mlinzi mmoja mwenye sare, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwuliza chochote.

"Na kwako?" aliita wa mwisho wa watu wetu.

Shempemba alikuwa ametega sikio pembeni yangu.

"Kifundo!" ilirudi sauti ngeni, ya mshangao, kutoka ng'ambo ya uzio. "Hata huku ni kifundo! Ila viatu vyangu vimejaa maji!"

Na mfereji mzima, kutoka chini hadi juu, ukamjibu kwa pamoja:

"Vua!"